Sauti Nzito ya Mwanamke Jukwaani: Moraa wa Ngiti na Uteuzi wa Tamthilia ya Nyimbo katika Shule za Wasichana za Gusii

Makala haya yanachunguza suala ambalo aghalabu huachiwa walimu wa muziki na walezi wa vyama vya drama, nalo ni uteuzi wa tamthilia ya nyimbo kwa ajili ya shule ya sekondari yenye wasichana wa sauti nzito. Kwa tamthilia ya nyimbo tunakusudia mchezo ambao sehemu kubwa ya dhamira zake hubebwa na uimbaji wa wahusika wenyewe, wala si ule ambao nyimbo zimepachikwa kati ya onyesho na onyesho ili kuichangamsha hadhira. Wahakiki wetu wameliona suala hili kuwa la kiufundi tu. Sisi tunashikilia kwamba uteuzi huo ni tendo la uhakiki kwa maana kamili ya neno hilo, kwani anayeamua nani aimbe nini huwa ameamua pia ni mwanamke wa aina gani anayestahili kusikika. Eneo tulilolichagua ni Gusii, na hasa Birongo, wadi ya Nyaribari Chache katika Kaunti ya Kisii, ambako historia yenyewe imewaachia walimu mhusika ambaye bado hajatumiwa inavyostahili.

Tuanze na hali ilivyo. Katika kwaya yoyote ya wasichana wa umri wa miaka 14 hadi 18 hapakosekani wachache ambao sauti zao zimeshuka. Sauti ya msichana hubadilika wakati wa kubaleghe kama ya mvulana, ijapokuwa mabadiliko yake ni madogo na hayana kishindo. Wengi hubaki katikati. Wachache hujikuta wakiimba kwa raha kuanzia G au A iliyo chini ya C ya kati hadi kiasi cha C au D iliyo juu yake, na juu ya hapo sauti hukauka. Msichana wa namna hii, akiingia katika mchezo wa shule, huwa na njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kusimama nyuma na kuimba sauti ya pili. Ya pili ni kuvaa suruali: kwa kuwa shule ni ya wasichana watupu na mchezo una baba, chifu, askari na mkuu wa wilaya, mwenye sauti nzito ndiye hutwikwa wanaume hao. Anaweza kumaliza miaka minne ya shule, akatuzwa vyeti vya uigizaji bora, bila kuwahi kuigiza mwanamke hata mara moja.

Njia hizo mbili zina historia. Wamisionari Wakatoliki walifungua kituo chao Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista Wasabato wakafuata Nyanchwa mwaka uliofuata. Pamoja na maandiko waliingiza uimbaji wa sauti nne, ambao hadi leo ndio chuo cha kwanza cha muziki kwa watoto wengi wa Gusii. Anayekulia katika kanisa lenye kitabu cha Nyimbo za Kristo hujifunza mapema kwamba wimbo wenyewe, yaani ile lahani inayokumbukwa njiani kurudi nyumbani, ni mali ya sauti ya kwanza. Sauti ya pili huzungukazunguka katika noti tatu nne, ikijaza pengo. Hata jina lake linatosha kueleza cheo chake. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, lilirithi mpangilio huo, na tamasha la drama la shule, lililoanza mwaka 1959, likaukuta umekwisha kuota mizizi.

Kuna jambo jingine ambalo wahakiki wa nyimbo za Kigusii hawana budi kulizingatia. Ekegusii ni lugha ya toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Sauti ya kwanza ikiwa imetungwa kwa uangalifu hufuata toni hizo kwa kiasi fulani. Sauti ya pili, kwa kuwa mwendo wake huamuliwa na kanuni za upatanifu, haina uhuru huo: inaweza kushuka pale neno linapopanda. Kwa hiyo msichana wa sauti nzito anayeimba Ekegusii katika sauti ya pili hakunyimwa lahani peke yake, bali pia hulazimishwa kutamka vibaya lugha ya mama yake mbele ya watu. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, na pengine ndiyo sababu walimu wa pwani hawajalalamika juu ya jambo hili. Huku milimani lalamiko hilo ni la haki.

Hapa msomaji anaweza kusema kwamba dawa ni nyepesi: ushushwe ufunguo. Na kweli, katika shule zetu nyingi nyimbo bado hufundishwa kwa do-re-mi ya solfa ile aliyoieneza John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, ambamo do haina makao ya kudumu. Mwalimu akitaka wimbo ushuke hatua tatu, hutoa do nyingine kinywani mwake na kazi imekwisha. Kiufundi, basi, sauti nzito si tatizo kwetu kama ilivyo kwa wale wanaofungwa na noti zilizochapwa. Mikataba ya maonyesho ya tamthilia za kigeni kwa kawaida hukataza kubadili ufunguo au maneno bila ruhusa, na shule inayolipia mchezo wa New York hulipia na sauti zilizokusudiwa na watunzi wake. Lakini kushusha ufunguo hakumpi msichana mhusika. Wimbo wa binti wa miaka 16 anayengojea mchumba, ukishushwa hatua tatu, hubaki kuwa wimbo wa binti anayengojea mchumba. Kinachotakiwa ni mhusika ambaye uzito wa sauti ni sehemu ya nafsi yake.

Fasihi ya kuimbwa ya Ulaya ina wahusika wa namna hiyo, lakini tuwatazame ni akina nani. Mfano unaotufaa kuliko yote ni Dido and Aeneas ya Henry Purcell, kwa maneno ya Nahum Tate, ambayo onyesho lake la kwanza linalojulikana lilifanyika mwaka 1689 au kabla yake kidogo katika shule ya bweni ya wasichana ya Josias Priest huko Chelsea, London. Wasomi hupenda kulitaja jambo hilo kama kichekesho cha historia, kwamba moja ya kazi kubwa za jukwaa la Uingereza ilichezwa na wanafunzi. Sisi tunaliona kuwa la maana zaidi. Tangu hapo mgawanyo umekwisha kuwekwa: malkia anayependa na kufa ana sauti ya juu zaidi, na mchawi anayepanga maangamizi yake aghalabu huimbwa na sauti ya chini. Mchawi huyo hana jina, wala hatuambiwi malkia amemkosea nini. Anachukia tu walio na raha.

Karne mbili baadaye mgawanyo ni ule ule. Katika Il trovatore ya Verdi (1853) sauti nzito ni ya Azucena, mama aliyemtupa mtoto motoni. Carmen wa Bizet (1875) ni mhusika mkuu kweli, lakini analipia ukuu huo kwa kisu. Marekani ilipozalisha tamthilia yake ya nyimbo katika karne ya 20, sauti ya chini ilipewa shangazi katika Oklahoma! (1943), mama mchuuzi wa kisiwani katika South Pacific (1949), ambaye Juanita Hall alimwigiza hata akatuzwa, na msimamizi mlevi wa nyumba ya mayatima katika Annie (1977). Hawa ni wahusika wenye uhai, na yeyote aliyewahi kuongoza mchezo wa shule anajua kwamba hadhira huwapenda kuliko wapenzi wawili wa katikati ya jukwaa. Hata hivyo wote wako pembeni ya hadithi. Wanamsaidia binti, wanamuuza, au wanamtesa.

Afrika imejibu, lakini kwa kiasi. Sarafina! ya Mbongeni Ngema (1987), iliyojengwa juu ya maasi ya wanafunzi wa Soweto ya mwaka 1976, iliwaweka wasichana wa shule katikati ya historia, nayo filamu yake ya mwaka 1992 ilijulikana sana Kenya. Nyimbo zake hutegemea wingi wa sauti, na katika wingi huo sauti ya chini ya mwanamke husikika kama nguzo. Kwa shule yenye waimbaji wengi wa chini hatuna shaka kwamba ni chaguo bora kuliko Annie. Hapa Kenya, Mzalendo Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, iliyochapishwa kwanza kwa Kiingereza mwaka 1976, ina Mwanamke asiye na jina ambaye ndiye anayeisukuma hadithi mbele, na Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui (1981) ina Lanina, kiongozi wa wafanyakazi. Wote wawili wanasema sana na kuimba kidogo. Ni wahusika wa sauti nzito ambao bado hawajapata muziki wao.

Upande wa muziki, Waswahili hawakuwa na haya na sauti nzito. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, aliimba taarabu na ngoma za unyago kwa sauti ya chini yenye mikwaruzo ambayo mwalimu wa kwaya angeitia msasa, na kwa sauti hiyo hiyo akatuzwa huko Ulaya mwaka 2005. Hakuna aliyemwambia avae kanzu aigize baba. Unyago ni chuo cha wanawake, na mwenye kufundisha humo hutarajiwa kuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kuyaona. Twamtaja kama ushahidi kwamba uhusiano wa sauti nzito na ubaya, au na uanaume, si wa maumbile. Ni desturi tu, na desturi nyingine zipo.

Sasa tumfikie Moraa. Mwaka 1905 serikali ya kikoloni ilituma kikosi Gusii, na bunduki ya mtombo ikafanya kazi yake dhidi ya mikuki. Mwanzoni mwa mwaka 1908 afisa wa utawala Geoffrey Northcote, ambaye Abagusii walimwita Nyarigoti, alichomwa mkuki na kijana aitwaye Otenyo. Northcote alipona, miaka mingi baadaye akawa Gavana wa Hong Kong. Gusii haikupona upesi. Kikosi cha pili kiliteketeza nyumba, kikaua watu wengi na kutwaa maelfu ya ng'ombe, hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni huko London, akaonyesha kuchukizwa na ukubwa wa mauaji. Nyuma ya mkuki wa Otenyo masimulizi yanamweka mwanamke wa Kitutu, Moraa wa Ngiti, mganga na mwenye maono. Wengine humwita shangazi yake Otenyo, wengine mlezi wake. Masimulizi hupatana katika jambo moja: Moraa aliwasuta wanaume. Aliwaambia kwamba kama wanaogopa, wawaachie wanawake silaha.

Kwa mtunzi wa tamthilia ya nyimbo hili ni jambo la thamani kubwa, kwani tendo kuu la Moraa ni tendo la sauti. Hakurusha mkuki. Alisema, na pengine aliimba, mpaka mwingine akaurusha. Wanahistoria wamezoea kumweka sambamba na Mekatilili wa Wagiriama, aliyezunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu mwaka 1913, na Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewasuta wanaume mbele ya kituo cha polisi Nairobi mwaka 1922 akafa kwa risasi. Wote watatu walikuwa watu wazima, na wote watatu silaha yao ilikuwa kinywa. Haiwezekani kumpa Moraa sauti nyembamba ya juu bila kumgeuza mtu mwingine. Suto huhitaji maneno yasikike moja moja, na sauti ya chini hukaa karibu na usemaji, irabu zikabaki na tofauti zake. Mwimbaji anapopanda juu sana, a na e na i hukaribiana masikioni, hadhira ikasikia uzuri bila kusikia tusi.

Pingamizi kubwa dhidi ya pendekezo letu si la muziki. Je, kumpa msichana wa sauti nzito nafasi ya mwanamke mzee mwenye dawa na maono si kumrudisha kwa yule mchawi wa Chelsea? Swali hili ni zito Kisii kuliko mahali pengine popote tunapopajua. Mwezi Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto hadi kufa katika eneo la Kisii kwa kushukiwa uchawi. Mwezi Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Wasichana wanaosoma Birongo leo wanayajua mambo haya, na katika hadhira ya siku ya wazazi wamo majirani wa waliouawa, na pengine wamo walioshangilia. Kibibi anayeingia jukwaani na kibuyu, akaimba kwa sauti nzito, hatachukuliwa kama mapambo ya hadithi ya watoto. Ndiyo maana tunasema kwamba shule ya Gusii inayochagua mchezo wa kigeni wenye mchawi wa sauti ya chini, eti kwa sababu una nafasi nzuri ya alto, imechagua jambo ambalo watunzi wake hawakuliwaza kamwe.

Jibu letu ni kwamba Ekegusii chenyewe hutenganisha kile ambacho hofu imekichanganya. Omorogi ni mchawi, anayedhuru kwa siri. Omoragori ni mpiga ramli, na kazi hiyo kwa desturi ilifanywa zaidi na wanawake, waliosema wazi mbele ya waliokuja kuuliza. Maneno haya mawili hukaribiana masikioni, na tamthilia inaweza kulitumia jambo hilo badala ya kulikimbia: Moraa asutwe kwa neno la kwanza na ajibu kwa neno la pili. Tena, mchawi wa Purcell ana chuki isiyo na sababu, ilhali Moraa ana sababu ambayo kila mtazamaji anaijua, nayo ni makaburi ya mwaka 1905. Mtunzi asimfiche gizani. Amwimbishe mchana, mbele ya wazee, bila moshi na bila kicheko cha kutisha. Akishindwa kufanya hivyo, heri achague Sarafina!.

Yapo na maamuzi mengine ya kiutunzi. La kwanza ni Otenyo. Mazoea yatamsukuma mwalimu kumpa msichana wa sauti nzito nafasi hiyo kwa kuwa ni ya mwanamume na ni shujaa. Tunashauri kinyume chake: Otenyo ni kijana, anasutwa, anaogopa, na sauti ya juu ya msichana mwenzake humfaa zaidi. Ulaya yenyewe iliwahi kuwapa wanawake sauti za vijana wa kiume, kama Cherubino wa Mozart (1786), bila mtu kulalamika. Jukwaani patakuwa na mama wa sauti ya chini na shujaa wa sauti ya juu, na mizani yote tuliyoizoea itakuwa imegeuka. Northcote asiimbe kabisa. Aseme, tena kwa ufupi. Amri za utawala hazihitaji lahani.

La pili ni obokano. Zeze hili kubwa la nyuzi nane ndilo fahari ya muziki wa Gusii, na hakuna mwalimu atakayekubali kuliacha nje. Lakini mlio wake ni mzito na una mtetemo unaojaza ukumbi, nao hukaa mahali pale pale ambapo sauti ya Moraa inataka kukaa. Vikiwekwa pamoja katika wimbo wa suto, maneno yatazama. Isitoshe, kwa desturi obokano ilipigwa na wanaume, na si haba maana yake ikinyamaza wakati mwanamke anawauliza wanaume waliko. Iache mpaka Otenyo aondoke na mkuki, ipige peke yake. Kuhusu uhusiano wa koo, mwalimu wa Nyaribari anayeigiza habari za Kitutu atarajie swali kutoka kwa wazee, na ajue kwamba vikosi vya 1908 havikuuliza ukoo kabla ya kuwasha moto.

La tatu ni ufunguo. Wimbo wa suto uanze chini ya C ya kati na usipite A iliyo juu yake hadi beti la mwisho. Maombolezo ya baada ya vita, ambayo yapaswa kuimbwa kwa Ekegusii, apewe Moraa lahani, nazo sauti za juu zimjazie pengo kwa irabu tupu ili toni za maneno zisiharibike. Siku ya mashindano, kama ni asubuhi yenye ukungu na koo la msichana halijafunguka, do ishushwe nusu hatua bila kumwambia.